Funda Nililolimeza

Yule binti wa duka la wanyama wa kufugwa hapa Blaine, Minnesota, aliniuliza kama simbilisi, hawa kama panya wanene wasio na mkia, ni wa watoto wangu. Nikamwambia hapana, ni wa mgongo wangu. Akacheka, akadhani Kiingereza changu kimeteleza. Kisha akanieleza kwamba hawauzi mmoja, wanauza wawili, kwa sababu simbilisi akikaa peke yake hupata upweke. Biashara naifanya tangu nina miaka kumi, sijaona muuzaji mwenye uso mkavu kama yule. Nikalipia wawili, dume mweusi na dume wa madoa, wakatiwa kwenye boksi lenye matundu. Nikaliweka kiti cha mbele, nikafunga mlango wa gari. Hapo ndipo harufu iliponipata.

Mtu aliyekulia kwetu Makete, Tanzania, haelezwi harufu ile. Ni majani mabichi yaliyolaliwa, na mkojo kidogo, na moshi. Wa dukani hawakuwa na moshi, moshi niliuongeza mwenyewe. Nikakaa palepale kwenye maegesho, injini inanguruma, mtu mzima nimepita hamsini, nikawa naliona jiko la mama yangu kama limejengwa mbele ya kioo cha gari.

Niseme kidogo mimi ni nani. Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba viazi kichwani, nimeuza njegere, nimeuza mitumba Mbeya, nimelala juu ya magunia Dar es Salaam, na sisi Wakinga biashara hatufundishwi. Leo nina magari sita ya kusukuma theluji, na watu wangu wanasafisha ofisi kuanzia Anoka mpaka Woodbury. Garaji yangu inaingiza magari matatu. Watoto wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, lakini wanakula vizuri na wanasoma vizuri. Sijisifu, nasema kilichopo.

Kilichonishinda ni mgongo tu. Pale chini ya mbavu za kushoto, maumivu yaliingia msimu mmoja wa theluji yakagoma kutoka. Mke wangu ni nesi, alinipeleka kila mahali. Nimelala ndani ya lile pipa linalogonga kama mafundi bati, majibu yakaja: picha safi. Vidonge nikameza. Maumivu yakabaki yanakaa kama mpangaji anayejua haki zake.

Msimamizi wa magari yangu ni kijana wa Peru, anaitwa Elmer. Aliniona nikishuka kwenye gari nimejikunja, akasema, "Bosi, mama yangu amekuja kunitembelea. Yeye husafisha watu."

"Mwenye kampuni ya usafi ni mimi," nikamwambia. "Mama yako atanisafisha nini?"

"Nunua simbilisi. Dume, kama wewe. Mweusi akipatikana."

"Wa kula?"

"Wa kukuangalia ndani."

Akanieleza kwamba kwao, milimani juu kabisa, hiyo ni dawa ya kale, tangu wafalme wa Inka. Simbilisi anasuguliwa mwilini mwa mgonjwa, ugonjwa unamwingia yeye. Nikataka kucheka. Lakini kwa nini mnyama awe yuleyule wa jikoni kwetu? Wangeweza kuwa na sungura, na kuku, na chochote. Ndiyo maana nilikwenda dukani.

Kwetu simbilisi hawakuwa na banda. Walikaa jikoni, chini ya kichanja cha kuni, kwa sababu Makete kuna baridi ya kuua, na mnyama mdogo bila moto hafiki asubuhi. Walikuwa mali ya watoto. Mkubwa hamiliki simbilisi, ni aibu. Mjomba alinipa jike mmoja mwenye mimba, mimi nikamtunza kwa akili. Nilijua majani gani yanawaharisha na yapi yanawanenepesha. Walifika kumi na mmoja. Mzee Tweve, jirani yetu, aliniahidi kwamba nikifikisha kumi na wawili atanipa mbuzi jike mchanga. Mbuzi! Hakuna mtoto wa rika langu aliyekuwa na mbuzi. Na jike mmoja alikuwa amevimba tumbo, yaani zimebaki siku tu.

Mdogo wangu Enesia alikuwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa kuonea huruma kila kitu, hata kuni zikiungua. Siku moja wakubwa wako kwenye shamba la pareto, mimi niko shuleni, yeye akaona simbilisi wanapiga chafya kwa moshi. Akafungua mlango wa jikoni ili wakaote jua. Mbwa wa bondeni walikuwa wawili. Niliporudi nilikuta manyoya kwenye majani, na Enesia amekaa kizingitini, ameshika kikapu kitupu cha majani, kana kwamba angekishika vizuri wangerudi.

Sikumpiga. Mama alisimama katikati yetu. "Mguse uone," akasema. Basi jioni nikakaa peke yangu kwenye jiko lililokuwa kimya, maana simbilisi wana kelele na mtu hujui mpaka wasipokuwepo, nikainama kwenye majivu nikasema kwa sauti ndogo: "Na wewe ulale usiamke."

Mwezi haukuisha, Enesia akalala. Alichemka mwili mpaka mama akawa anamshika kwa kitambaa. Shingo ikakakamaa. Baba akambeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa nusu siku, akachomwa sindano siku nyingi, akarudishwa. Homa ilikuwa imeshuka, lakini hakuwa mtu. Macho anafungua, hali, hakai, hasemi.

Bibi yangu, mama yake baba, hakupinga sindano. Wengine husema wazee walipinga sindano, wangu hakupinga. Alisema, "Sindano imetibu mtoto. Sasa tutibu nyumba. Nyumba hii ina maneno yaliyolala matumboni."

Kwetu waliamini hivi: hasira ya ndugu ikisemwa, inakwisha. Isiposemwa, inatafuta mtoto wa kumwangukia. Basi wote wenye damu moja wanakusanyika kwa mgonjwa. Kila mmoja anasema neno lake, anachukua funda la maji kutoka kibuyu kimoja, anatema juu ya fungu la majani. Yakiisha, Bibi anayapeleka majani mtoni, yanakwenda na maji, na anarudi bila kugeuka nyuma. Kabla hatujaanza alitoa onyo moja: "Asiteme mtu na neno lake lingali ndani. Mate hayo hayaendi mtoni. Yanamwangukia mgonjwa."

Wote tukaingia jikoni. Enesia amelazwa ubavu karibu na moto.

Baba mdogo akaanza. "Kaka, mianzi ile ya bondeni ulinidhulumu. Kila nikinywa ulanzi unaougema huko naona nakunywa mali yangu."

"Mbona hujaacha kunywa?" baba akauliza.

"Ningeacha vipi, na ni mali yangu?"

Watu wakacheka, hata pale. Akatema. Baba naye akasema lake, kwamba mdogo wake hakuja kwenye kuezeka nyumba, alijifanya mguu unauma na jioni akaonekana anacheza ngoma. Akatema.

Mama akasema, macho chini, "Mama, ulisema uji wangu ni wa kunawia miguu. Mbele ya wageni."

Bibi akajibu, "Nilisema. Na siku ile ulikuwa hivyo. Tema, mwanangu, nisamehe."

Nilikuwa naangalia maneno ya wakubwa yakitoka, yote madogo madogo. Mianzi. Mguu. Uji. Nikajua kabisa kwamba haya siyo yaliyomlaza Enesia. La kwangu ndilo. Na mimi tu ndiye niliyejua.

Bibi akanisogezea kibuyu. Alikuwa akiniita mume wake, kama mabibi wanavyofanya. "Mume wangu, una neno?"

Nilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza, niseme. Lakini pale kijijini kulikuwa na mama mmoja ambaye watu walisema aliwahi kumtamkia mtoto kifo, na hakuna aliyemwomba moto tena mpaka alipohama. Nilimwona Baba ananitazama. Niliona nitakavyokuwa yule mama, na nina miaka tisa. Njia ya pili, nikatae kuwa na neno na niteme kama wengine. Lakini mate yangu yangemwangukia mdogo wangu, na pale angekufa kweli.

Mimi mpaka leo ni mtu wa njia ya tatu. Nikasema, "Sina, Bibi." Nikachukua funda. Nikainamia majani, nikapuliza "pfuu" kwa midomo mikavu, na yale maji nikayameza.

Nilijiona nimemwokoa. Hakuna mate yaliyoanguka popote. Bibi akakusanya majani akaenda.

Siku ya tano Enesia akakaa. Akaonyesha kiazi kwa kidole, akala, akaonyesha kingine. Mama akapiga vigelegele mpaka watu wa bondeni wakapanda kuja kuona. Kisha mama akamwita kwa nyuma, "Enesia!" Hakugeuka. Akamwita tena. Baba akagonga sufuria kwa mwiko nyuma ya kisogo chake. Mtoto anakula kiazi.

Nikapiga hesabu ya kitoto. Kila aliyetema alimponya sehemu. Baba mdogo labda miguu, mama labda tumbo, baba labda macho. Masikio yalikuwa fungu langu, na fungu langu nilikuwa nimelimeza.

Baadaye ikasikika kwamba Njombe kuna shule ya watoto viziwi, lakini ni mbali na kuna gharama zake. Nikaacha darasa la nne nikabeba viazi. Kijijini wakanisifu: tazameni mtoto mwenye moyo kwa dada yake. Huku Minnesota nikisimulia kwenye sherehe za Watanzania, kwamba nilianza na gunia moja nikamsomesha dada, wananipigia makofi. Nami hupokea makofi. Jasho lilikuwa langu kweli. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi alikuwa na haraka vile.

Mke wangu aliwahi kunieleza kitaalamu, bila kujua ananieleza nini. Alisema ile ilikuwa homa ya uti wa mgongo, nayo mara nyingi ikimwacha mtoto hai huondoka na masikio. Kichwa changu kikaelewa siku hiyohiyo. Mimi si mjinga.

Sasa turudi Minnesota, nyumbani kwa Elmer huko Anoka, nyumba ya zamani karibu na mto. Mama yake anaitwa Felisita. Mfupi, misuko miwili mirefu mgongoni, kofia kichwani humohumo ndani ya nyumba, na soksi nzito za mwanawe. Hajui Kiingereza. Anasema Kikechua, lugha ya milimani kwao, Elmer anatafsiri. Nilitoa simbilisi mweusi kwenye boksi nikampa, mkono mmoja chini ya matako ya mnyama, mmoja kifuani pake, kama anavyoshikwa. Yule mama akanitazama mikono, akasema kitu.

"Anauliza nani amekufundisha kumshika."

"Jikoni kwetu. Nimefuga hawa kabla sijajua kusoma."

Elmer akatafsiri. Mama akapiga paja. "Anasema haiwezekani. Hawa ni wa kwetu, wa Wainka. Anasema nyinyi Waafrika mliwaiba."

"Mwambie Wakinga hatuibi. Tunanunua."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Kuanzia hapo tukawa ndugu. Nikavua shati, nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Akaanza kunisugua na yule mnyama kutoka utosini kushuka chini, shingo, mabega, polepole, huku akinong'ona. Simbilisi analia wiiki, wiiki, anakwaruza. Tulipofika chini ya mbavu za kushoto, mnyama akanyamaza. Hakufa, alinyamaza tu, moyo unapiga haraka kwenye ngozi yangu. Mama akarudi juu: wiiki. Akashuka: kimya.

"Anasema hapa pana neno."

"Mwambie hapa pana mfupa. Wameupiga picha."

Mama akainuka, akaenda kwenye begi lake, akarudi na jiwe jeusi, laini, la kutosha kiganjani. Akanigonga nalo mgongoni. Si kwa nguvu, lakini si kwa mchezo pia.

"We!" nikasema. "Elmer, mama yako ananipiga!"

Kijana wangu, ninayemlipa mimi, alikuwa anacheka machozi yanamtoka. "Pole, bosi. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Anayeungama akificha, anagongwa jiwe. Anasema unaficha."

"Sifichi chochote."

Akanigonga tena.

Kisha akaniwekea mkononi fungu la majani makavu aliyoyang'oa mwenyewe kando ya mto, yenye theluji bado kwenye mizizi. Akasema niyaambie majani, si yeye. Nitumie lugha yoyote. Nikimaliza niteme. Nikayatazama yale majani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za Bibi, wala za kibuyu. Mwanamke huyu ametoka upande mwingine wa dunia kwa ndege mbili, na ameniletea majani yaleyale.

Nikasema. Kwa Kikinga, kwa sababu neno lilisemwa kwa Kikinga. Nilisema habari za kumi na mmoja, na mbuzi, na majivu, na lile funda. Halikuchukua muda mrefu, nilidhani lingechukua siku nzima. Nikatema.

Tukatoka watatu. Mama alipofika mlangoni alikung'uta shali yake nje kwa nguvu. Elmer akanieleza njiani kwamba zamani, katika mji mkuu wa Wainka, mvua za kwanza zikikaribia, watu wote walitoka milangoni wakakung'uta nguo na blanketi, wakipiga kelele ugonjwa utoke. Vijana wakapokezana mbio wakiupeleka mpaka mitoni, wakaoga, mto ukabeba. Tukafika pale mto mdogo unapoingia mto mkubwa, barafu imeachia katikati. Nikatupa majani. Yakazunguka kidogo, yakaenda. Mama akanishika kiwiko akanigeuza, akaniamuru kitu.

"Anasema usiangalie nyuma."

"Najua," nikasema.

Tulipofika kwenye gari akauliza jambo. Elmer akasita kabla ya kutafsiri. "Hakuelewa lugha, lakini anasema ni neno la mtu. Anauliza huyo mtu yuko hai?"

"Yuko hai. Dada yangu."

Akatikisa kichwa. "Basi mto umepokea nusu tu."

Mgongo bado unauma nikiinua kitu vibaya, nisidanganye watu. Simbilisi wako garajini, watoto wamewapa majina ya Kizungu. Yule binti wa duka aliapa wote ni madume. Sasa wako saba.

Lakini ile nusu ilinisumbua. Kupiga simu siwezi, Enesia hasikii. Huyu ni mwalimu sasa, palepale Njombe aliposomea, mama wa watoto watatu, na Kiswahili chake cha kuandika ni cha vitabu. Mimi na darasa langu la nne humtumia ujumbe mfupimfupi: pesa imefika? mvua ipo? Alikuwa hajapata kuona barua yangu ndefu.

Theluji iliponyesha wiki iliyofuata, nilikuwa nimepaki Woodbury nje ya maduka, saa nne asubuhi, nikingoja iache nianze kusukuma. Nikaitoa simu, nikaandika yote. Vidole vyangu ni vinene, nilichukua zaidi ya saa nzima. Niliandika: siku ile kwa Bibi nilikuwa na neno, nikasema sina. Wewe nilikutamkia usiamke. Na maji sikuyatema, niliyameza. Nikatuma kabla sijajisomea. Kwao usiku ulikuwa umeingia.

Tiki mbili zikawa za buluu. Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Mimi nimekabiliana na maafisa wa forodha, nimekabiliana na wanasheria wa Minneapolis, sijawahi kushika usukani vile gari likiwa limezimwa.

Ukaingia ujumbe wa kwanza: "Mlango niliufungua mimi. Walikuwa wanapiga chafya."

Wiper zimejaa theluji, sioni nje.

Ukaingia wa pili.

"Kaka, nilikuona ukimeza. Nilikuwa nimelala ubavu, nimekuelekea, nikaona koo lako linapanda na kushuka. Tangu asubuhi ulikuwa unapanda na kushuka mtoni kuchota maji ya kuniogesha, hakuna aliyekupokea ndoo. Nilidhani una kiu."